Figo Zangu na Punje za Mama Mkwe

Jumatano, 22 Mei

Kreatinini, uchafu wa damu ambao figo zinapaswa kuuchuja, imefika 5.1. Daktari Sinharay amenieleza huku anatabasamu, kama dalali anayekuonyesha kiwanja chenye maji. Figo zako zimechoka, asema. Hazijafa — zimechoka. Na mimi nimechoka, mbona sijaruhusiwa kuacha kazi?

Nisile chumvi. Nisile ndizi, dengu, nazi. Viazi vichemshwe mara mbili na maji yote yamwagwe, yaani nile kumbukumbu ya viazi. Na maembe hapana. Maembe! Kolkata, mwezi wa Mei, unamwambia mtu mzima asile embe! Maji lita moja kwa siku, na nje barabara inayeyuka.

Ketaki alikuwa pembeni yangu anaandika kila neno. Mke wangu anafundisha hisabati shule ya wasichana, haachi kitu kipite. Tulipofika nyumbani alivua viatu akampigia simu mama yake. Hapo nikajua nimekwisha.

Ijumaa, 24 Mei

Ma amekuja. Kwa rikisho, amevaa sari yake nyeupe, na sanduku mapajani.

Ma ni mama mkwe wangu, Shoilobala Bhowmik, mjane, miaka sabini na sita. Sanduku ni la marehemu mumewe: la mbao, limejaa vichupa vyenye vifuniko vya kizibo, na ndani ya kila kichupa punje nyeupe za sukari ndogo kuliko mtama. Homiopathi. Baba mkwe alikuwa karani wa reli, lakini jioni mtaa mzima wa Shyambazar ulipanga foleni kibarazani kwake. Alipofariki, foleni haikuondoka, ikabidi Ma aketi kwenye kiti. Ametibu vikohozi, vipele, watoto wenye hasira, na kasuku mmoja. Hajawahi kumtoza mtu.

Mimi ni mtu wa bima. Kazi yangu ni kutoamini. Nimeletewa vyeti vya vifo vya watu niliowakuta wanacheza karata. Sasa mtu kama mimi unamwambia dawa hii imezimuliwa kwa maji mara nyingi hata dawa yenyewe haimo tena, na ndiyo sababu ina nguvu! Kadiri isivyokuwemo ndivyo inavyoponya! Ingekuwa dai la bima ningelitupa kabla ya chai. Lakini huyu ni mama mkwe. Mama mkwe huwezi kumwandikia kwamba maombi yake yamekataliwa.

Kwanza mahojiano. Watu wa homiopathi hawatoi punje bila kukujua wewe ni mtu wa namna gani. Tatizo: Ma hajawahi kuzungumza nami ana kwa ana. Miaka yote hii ananiheshimu — anajitanda pindo la sari kichwani na kuangalia ukuta. Basi alikaa akiitazama kalenda, Ketaki katikati, mimi hatua mbili kutoka kwao.

"Muulize, mkojo wake una povu?"

"Ma anauliza mkojo wako una povu," akasema Ketaki. Mdomo ulikuwa unamcheza.

"Mwambie unalo."

"Anasema unalo, Ma."

"Povu la sabuni au povu la maziwa?"

Nikatamani sakafu ipasuke. Iliendelea hivyo saa nzima. Nalala ubavu upi. Naogopa radi au siogopi. Jasho langu lina harufu ya nini (Ketaki alijibu hilo bila kuniuliza). Nikibembelezwa, hulia zaidi au hunyamaza? Nikasema sijui, sijawahi kulia. Ma akaacha nafasi tupu kwenye karatasi, kwa masikitiko.

Halafu, bado anatazama kalenda: "Muulize, akiwa peke yake, anaogopa nini?"

Nilitaka kusema: kufa. Nikasema: "Bosi wangu." Ketaki akacheka. Ma hakucheka.

Alhamisi, 30 Mei

Wiki ya punje. Hazishikwi kwa vidole: unazimimina kwenye kifuniko, unazitupa ulimini kama mtu anayekula karanga kwa siri. Kitunguu hapana. Kitunguu saumu hapana. Kahawa hapana. Dawa ya meno ya mnanaa — hapana, inaua nguvu ya punje. Nasugua meno kwa mkaa. Ma, kwa kuwa ni mjane wa kizamani, hali kitunguu wala samaki tangu mumewe afe. Sasa nyumba nzima tumekuwa wajane.

Nilimwambia Daktari Sinharay, nikitegemea atapiga marufuku. Akacheka! Mama yake mwenyewe humpa punje hizo akipata mafua, na humeza, ili apate amani. "Ni sukari tu, Bwana Pranabesh. Usiache dawa zangu. Na akikupa chochote cha mizizi au cha majimaji, niletee kwanza nikione."

Ujumbe nikaufikisha kupitia Ketaki. Ma aliudhika. "Mwambie huyo daktari mimi si mganga wa mizizi." Kisha, baada ya kufikiri: "Dawa zake anaweza kuendelea nazo. Hazitanisumbua."

Ketaki ananiambia Ma ameacha kuwasha kafuri kwenye sala zake, kwa kuwa harufu ya kafuri huharibu punje. Miungu yake imekaa bila kafuri kwa ajili yangu. Kwa hilo sina mzaha.

Jumamosi, 8 Juni

Sikukuu ya wakwe! Leo kila mama mkwe wa Bengali anamlisha mume wa binti yake mpaka ashindwe kusimama. Wanaume wazima wanaonekana barabarani na mashati mapya na masanduku ya peremende, wanakwenda kulishwa kama watoto. Nilidhani mwaka huu Ma atanisamehe.

Lazima niseme alijitahidi. Maboga yaliyochemshwa mara mbili. Kipande cha samaki, kidogo kama stempu. Wali bila chumvi. Akanifunga uzi wa manjano mkononi, akanipepea kwa kipepeo cha kuti, akaninong'onea dua. Nikala kama mgonjwa mwema.

Kisha akaleta sinia la matunda. Maembe ya himsagar, aina tamu kuliko zote, yameiva, yametoa umande. "Ma!" Ketaki akasema. Ma akamjibu kwamba hicho si chakula, hiyo ni baraka. Yametoka mbele ya Mama Shashthi, mungu anayelinda watoto wa watu. Mlinzi gani anaweka sumu?

"Kipande kimoja," akasema Ketaki, akaenda jikoni.

Nilikula matatu. Mazima! Mpaka kokwa nilinyonya. Ma alinipepea kwa kasi zaidi akiangalia mlango wa jikoni, na mimi nilimeza nikiangalia mlango huohuo. Katika ndoa yote hii hatujawahi kuelewana hivyo.

Jumatatu, 10 Juni

Hospitali. Naandika kwa shida, nina mrija shingoni.

Jana asubuhi niliamka, miguu ikakataa. Sio maumivu — ilikataa tu, kama wafanyakazi waliogoma. Moyo unaruka, unasimama, unaruka. Ketaki aliita teksi akiwa bado na nguo za kulalia. Potasiamu, ile chumvi iliyojaa kwenye maembe, 6.9. Wakanichoma sindano, wakanifunga kwenye mashine, damu yangu ikatoka ikaoshwa ikarudi.

Daktari Sinharay hakutabasamu. "Umekula nini?"

"Kipande cha embe," nikasema. Nimesikia watu wakidanganya maisha yangu yote ya kazi. Sauti yangu ilikuwa ileile kabisa.

"Alikula matatu." Ma, mlangoni. Alimwambia daktari moja kwa moja, bila Ketaki, bila ukuta. "Nilimpa mimi."

Nikaona haya. (Mchana aliniletea taarifa, kupitia Ketaki, kwamba kosa hasa ni la jirani wa chini, aliyekaanga kitunguu saumu siku hiyo dirisha likiwa wazi.)

Daktari akatuambia sote watatu. Figo zimebaki na kazi kidogo mno. Ama mashine mara mbili kwa wiki maisha yote, ama figo ya mtu. Ndugu? Kaka yangu wa Asansol ana kisukari. Watoto hatukujaliwa.

"Kundi letu la damu ni moja," akasema Ketaki. "Nimeshapima. Figo yangu inamfaa."

Alipima Mei! Wiki ileile ya kreatinini. Wakati mimi nasugua meno kwa mkaa, yeye alikuwa anatolewa damu kabla ya kipindi cha kwanza.

Ma akakaa kwenye benchi. Sijawahi kumwona amekaa mikono ikiwa haifanyi kitu.

Ijumaa, 21 Juni

Nyumbani. Ma amehamia kwetu, yeye na sanduku.

Leo Ketaki alipokwenda shule, Ma alikuja chumbani kwangu. Akajitanda. Akasimama upande wa dirisha. Halafu akasema na mimi — na mimi! "Nipe miezi miwili, baba. Nitazifufua hizo za kwako. Nina binti mmoja tu. Usimwache wamkate."

Nilikubali kabla hajamaliza. Na mimi nina mke mmoja tu.

Kwa hiyo mkaguzi wa madai, Pranabesh Kundu, asiyeamini hata saa ya ukutani, sasa ndiye mgonjwa mtiifu kuliko wote Bengali. Nimetega kengele ya simu ya punje. Sizigusi kwa vidole. Siongei nusu saa kabla, nusu saa baada. Kila wiki ya punje ni wiki moja ambayo Ketaki ni mzima.

Jumanne, 2 Julai

Ushindi! Kreatinini imeshuka kutoka 9 hadi 4. Ma aliibusu karatasi ya maabara.

"Ma," akasema Ketaki, "ametoka mashineni leo asubuhi. Mashine ndiyo inaiosha damu."

Ma akafikiri. "Mashine nayo imesaidia," akasema kwa ukarimu.

Ndivyo ilivyo sasa nyumbani kwetu. Punje ndiyo tiba. Mashine ni ya nyongeza.

Ijumaa, 5 Julai

Imepanda 8.7. Ma amefurahi vilevile! Ugonjwa umeshtuliwa, asema, unatoka mafichoni, lazima upande kabla ya kukimbia. Ikishuka dawa inafanya kazi, ikipanda dawa inafanya kazi. Ningekuwa na kampuni ya bima yenye masharti haya ningekuwa tajiri wa kutisha.

Jumapili, 14 Julai

Ketaki ameugundua mchezo.

Alinikuta mezani na kifuniko cha punje, nimefumba macho. Akangoja nimeze. Akafunga mlango.

"Unaamini hizo?"

"Zinanisaidia."

"Nimekuuliza unaamini?"

Nusu saa baada ya punje mtu haruhusiwi kuongea. Nilimwonyesha kwa ishara.

"Acha upuuzi wako! Mama yangu anaamini, namheshimu. Wewe huamini hata chembe. Unajificha nyuma ya kikongwe, unamwacha ajione ndiye atakayekuokoa, na unajua kabisa. Unalala umekaa kwa sababu ukijilaza unakosa pumzi, unadhani sioni? Viatu havikuingii. Halafu unaniambia subiri, subiri. Ukifa, hizi figo mbili nitazifanyia nini mimi? Nizipambe?"

Nikamwambia siwezi kumruhusu. Akasema hakuniomba ruhusa. Akasema na yeye anaogopa, anaogopa kisu mpaka anaota, lakini anaogopa zaidi kurudi kutoka shule akakuta nyumba kimya. Kisha akanishika kichwa, akakiweka begani kwake.

Nililia. Hivyo tu. Kadiri alivyonibembeleza ndivyo nilivyozidi, kwa kelele, kama ng'ombe. Nampenda sana mwanamke huyu na nilikuwa namfanyia ujanja.

Tulipofungua mlango Ma alikuwa kizingitini. Jioni akabadilisha dawa. Ile nafasi tupu kwenye karatasi yake imejazwa.

Jumamosi, 27 Julai

Nimetapika mara mbili. Mdomoni ladha ya chuma. Ngozi inawasha. Kazini wamenipa likizo bila mimi kuomba — dalili mbaya kuliko zote.

Ketaki ameomba siku za likizo pia. Amepigwa picha za tumbo, moyo, kila kitu. "Nzuri kama za msichana," daktari kamwambia, akaja akanitambia nalo wakati wa kula. Ma aliondoka mezani.

Jumatano, 14 Agosti

Kamati ya hospitali itatuita Jumanne. Kabla ya kumkata mtu mzima asiyeumwa lazima wahakikishe hakulazimishwa, hakununuliwa, hakutishwa. Watamhoji Ketaki peke yake. Na wanataka ndugu yake wa damu aje aseme mbele yao kama familia imeridhia.

Ndugu wa damu wa Ketaki ni mmoja.

Nilikuwepo Ketaki akimweleza. Ma alikuwa anamenya mung'unye. Akaendelea kumenya. "Nikisema sijaridhia?"

"Watasimamisha, Ma. Watauliza maswali upya. Miezi."

"Na yeye ana miezi?"

Ma alimenya mpaka mung'unye ukawa mwembamba kama kidole.

Usiku mzima nimejaribu kujiuliza nataka aseme nini. Naanza upande mmoja najikuta upande wa pili. Nikimwona Ketaki akitembea korido akishika ubavu, nasema heri Ma akatae. Kisha pumzi inanikata katikati ya ngazi, na nasema jambo jingine, ambalo siliandiki.

Jumanne, 20 Agosti

Korido ya hospitali, ghorofa ya tatu. Viti vya plastiki. Feni haizunguki. Ketaki ameingia kitambo, amevaa sari yake ya siku za mitihani, ile ya kuwatisha wanafunzi. Mlango umefungwa. Mimi huku, Ma kule, kiti kimoja kitupu katikati, kile alichokuwa amekalia Ketaki.

Muda mrefu. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Karani ametoka. "Mama wa mtoaji ni nani? Aingie."

Ma alisimama. Akajitanda vizuri. Akapiga hatua moja, akarudi, akakaa kwenye kile kiti cha katikati. Karani akashangaa. Mimi zaidi.

"Niseme nini, baba?"

Mwanamke huyu hajawahi kuniomba shauri hata la bei ya samaki. Nilikuwa na majibu mazuri tayari. Sema unavyoona mwenyewe, Ma. Sema kilicho moyoni. Majibu ya mtu wa heshima, ambayo hayamgharimu anayeyatoa. Nikafungua mdomo na yakakataa kutoka.

"Nataka kuishi, Ma."

Yametoka hivyo. Mbele ya mama wa mtu! Namwambia mkate binti yako, nataka kuishi! Sijalisema kwa Ketaki. Sijalisema humu ndani ya daftari hili.

Akanitazama usoni. Pindo la sari lilikuwa limeanguka mabegani, hakulirudisha. Macho yake yalijaa, hakuyafuta.

"Mbona hukusema?" akasema. "Nilikuuliza siku ya kwanza kabisa unaogopa nini."

Kisha akainuka, akampita karani, akaingia. Mlango umefungwa.

Nimesimama karibu na mlango, naandika huku nimeegemea ukuta. Ndani mwanamume anauliza kitu. Sasa sauti ya Ma. Maneno siyasikii. Anaongea, anaendelea kuongea. Sasa Ketaki naye — amelia, au amecheka? Karani ananiambia nisogee, wagonjwa hawaruhusiwi kusimama hapa.

Nimemwambia nasogea. Sijasogea.